Laptopu ndogo ya bei nafuu: itakufaa ama itakula akiba yako?

Laptopu ni mojawapo ya vitu vya bei kubwa ambavyo mtu hulipia kwa simu kwa mpigo mmoja. Unaweka PIN, unabonyeza, na akiba ya miezi sita imeenda. Ndiyo maana leo tunaacha kidogo mambo ya kutuma na kutoa pesa, tuongee kuhusu kifaa chenyewe: ile laptopu ndogo ya inchi 11 ama 12 ambayo muuzaji anakwambia ni "bei poa, haina maneno."

Kama unakaa Makina, Laini Saba, Olympic, Gatina ama Congo, pengine umeshaiona. Mwanafunzi anaitaka kwa ajili ya chuo. Mwenye duka anaitaka aandike hesabu za stoki. Kijana aliyepata mafunzo ya Ajira Digital, mpango wa serikali ulioanza 2016, anaitaka afanye kazi za mtandaoni. Swali ni moja kwa wote: hizo pesa zitarudi?

Jibu letu kwa ufupi ni hili. Laptopu ndogo ni zana nzuri kwa kazi ndogo inayojulikana. Ukiinunua ukiwa unajua kazi hiyo ni gani na itakugharimu ngapi kila mwezi, utaifurahia. Ukiinunua kwa sababu tu bei imekuvutia, utajuta.

Ziko aina tatu sokoni

Watu husema "laptopu ndogo" kana kwamba zote ni moja. Kwenye maduka ya Luthuli Avenue na Moi Avenue utakutana na aina tatu, na kila moja ina tabia yake.

Ya kwanza ni laptopu mpya ya bei ya chini. Ina prosesa ndogo kama Celeron, RAM ya GB 4, na hifadhi ya GB 64 inayoitwa eMMC. Ni nyepesi, ni safi, na inakuja na waranti. Tatizo ni kwamba RAM na hifadhi kwa kawaida zimechomelewa kwenye ubao wake, kwa hivyo huwezi kuongeza baadaye. Ulivyonunua ndivyo itakavyokaa.

Ya pili ni ile wanayoiita ex-UK: laptopu iliyotumika ofisini ng'ambo, ikasafishwa na kuletwa huku. Mifano ni HP EliteBook 820 na Lenovo ThinkPad X250. Zilitengenezwa kwa watu wa ofisi, kwa hivyo mwili wake ni mgumu, kibodi ni nzuri, na fundi anaweza kuifungua, akabadilisha betri ama kuweka hifadhi kubwa zaidi ya SSD. Tatizo lake ni umri. Betri imeshachoka, na hujui aliyeitumia aliitunza vipi.

Ya tatu ni Chromebook, nyingi zikiwa zimetoka shuleni ng'ambo. Hizi ndizo huwa bei ya chini zaidi. Zinawaka haraka, betri yake hukaa, na hazisumbuliwi ovyo na virusi. Lakini Chromebook haiendeshi programu za Windows, na bila intaneti inabaki na kazi chache.

Nguvu zake

Ya kwanza ni stima. Laptopu ndogo ikitumia karibu wati 15, yuniti moja ya tokeni inaweza kuiendesha zaidi ya saa 60. Kompyuta ya mezani pamoja na skrini yake hula mara kadhaa ya hapo. Kama landlord wako anakutoza stima kwa kiwango kimoja na hataki kuona vifaa vikubwa ndani ya nyumba, laptopu ndogo haiwezi kuleta ugomvi.

Ya pili ni kukatika kwa stima. Betri nzuri inakuwezesha kumaliza kazi hata kama mtaa mzima uko gizani. Intaneti unachukua kwenye simu kwa hotispoti. Mtu wa kompyuta ya mezani anangoja stima irudi, wewe unaendelea.

Ya tatu ni nafasi. Nyumba ya futi kumi kwa kumi haina pahali pa meza ya ofisi. Laptopu ya inchi 11 unaikalisha mapajani, na ukimaliza unaificha chini ya nguo. Pia unaweza kuibeba hadi maktaba ya umma ya KNLS iliyoko Kibera, ukasoma pahali palipo na utulivu.

Ya nne ni kwamba kazi nyingi za kawaida hazihitaji mashine kubwa. Kuandika barua ya kazi, kujaza fomu za HELB ama KUCCPS, kuingia eCitizen, kuweka hesabu za chama, kufuata somo la video: yote haya hufanyika vizuri kwenye laptopu ya GB 4.

Udhaifu wake

Hapa ndipo muuzaji hunyamaza.

Hifadhi hujaa haraka. Windows yenyewe huchukua zaidi ya GB 20. Kwenye laptopu ya GB 32, unabaki na nafasi kidogo sana, na sasisho kubwa likija linakosa pahali pa kukaa. Kuanzia hapo mashine inakuwa nzito na haiwi salama. Ushauri wetu ni kwamba kama ni ya Windows, usikubali chini ya GB 64, na SSD ya GB 128 ni afadhali zaidi.

RAM ya GB 4 ina mpaka wake. Ukifungua kurasa tano za intaneti, simu ya video na hati ya kuandika kwa pamoja, itakwama. Kama unataka kuhariri video, kuchora ramani za nyumba ama kucheza gemu kubwa, laptopu hii si yako. Usishawishike na mtu anayesema "itajaribu."

Windows 10 imefika mwisho. Microsoft ilimaliza msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Laptopu nyingi za ex-UK, pamoja na EliteBook 820 G3 na ThinkPad X250, zina prosesa za zamani ambazo hazimo kwenye orodha rasmi ya Windows 11. Bado zitawaka na kufanya kazi, lakini milango ya wezi wa mtandaoni haitakuwa ikizibwa kama zamani. Kama unaingia kwenye akaunti ya benki ama ya malipo kupitia laptopu hiyo, hili ni jambo la kufikiria kwa makini. Njia moja ni kumwomba fundi aweke Linux, ambayo ni ya bure na huendelea kupata masasisho hata kwenye mashine za zamani.

Chromebook ina tarehe ya mwisho. Kila modeli ina siku ambayo Google huacha kuitumia masasisho. Zile zilizotoka kuanzia 2021 zimeahidiwa miaka 10 ya masasisho. Za kabla ya hapo, ambazo ndizo zimejaa sokoni, huenda muda wake umebaki kidogo ama umeshaisha. Tena, ile fomu ya Excel ya KRA inayojazwa kisha kupandishwa iTax inahitaji programu ambayo Chromebook haiendeshi sawasawa. Kama una biashara na unajaza ritani mwenyewe kila mwaka kabla ya Juni 30, utajipata unarudi saiba hata baada ya kununua mashine yako.

Bando inaliwa. Simu inajua kubana data, lakini laptopu imezoea intaneti ya waya. Sasisho moja kubwa la Windows linaweza kumaliza GB 3 ama zaidi ukiwa umelala. Siku ya kwanza tu, ingia kwenye mipangilio ya Wi-Fi uiambie laptopu kwamba hotispoti yako ni intaneti ya kupimiwa. Itaacha kupakua vitu vikubwa kiholela.

Hebu tupige hesabu

Tuseme laptopu ni shilingi 18,000. Tuseme pia saiba ya mtaani inatoza shilingi moja kwa dakika.

Mteja wa kwanza anafanya kazi za kuandika mtandaoni saa mbili kwa siku, siku 22 kwa mwezi. Saiba inamla shilingi 2,640 kila mwezi. Akinunua laptopu na kutumia bando la shilingi 1,000, anaokoa 1,640 kwa mwezi. Baada ya miezi 11, laptopu imejilipa. Kuanzia mwezi wa 12, hiyo ni faida yake. Na kama anaweza kufanya kazi usiku, wakati saiba imefungwa, itajilipa mapema zaidi.

Mteja wa pili anaenda saiba saa tatu kwa wiki, kwa mambo ya fomu na barua. Analipa 720 kwa mwezi. Hata akijibana na bando la shilingi 300, anaokoa 420 peke yake. Itamchukua karibu miezi 43, zaidi ya miaka mitatu na nusu, kurudisha zile 18,000. Ndani ya muda huo betri itakuwa imekufa na chaja kubadilishwa. Huyu, kwa ukweli, saiba bado inamfaa. Pesa zake zikae.

Chukua karatasi uweke hesabu yako mwenyewe, kwa bei za mtaa wako. Ukiona laptopu haijilipi ndani ya mwaka mmoja na nusu hivi, na si lazima kwa masomo, ngoja kwanza.

Pesa itoke wapi?

Tunakopesha na tunapokea malipo, kwa hivyo hili tunalisema waziwazi: mkopo wa siku 30 haufai kununua laptopu.

Tuseme umekopa 18,000 kwa ada ya asilimia 8 kila siku 30. Hiyo ni 1,440 kwa mwezi. Kama huna pesa ya kumaliza deni na unaendelea kulipa ada tu kwa miezi sita, umelipa 8,640 na deni la 18,000 bado liko pale pale. Ni karibu nusu ya laptopu nyingine imepotea. Mkopo mfupi ni wa kitu kinachorudisha pesa haraka, kama stoki ya nyanya inayoisha kwa siku mbili. Laptopu hurudisha polepole.

Lipa polepole nayo ina hesabu yake. Muuzaji atakwambia, "Weka 4,000, kisha 70 tu kwa siku." Sabini inasikika kama pesa ya chapati na chai. Zidisha: 70 mara siku 365 ni 25,550. Ongeza zile 4,000, unapata 29,550 kwa kitu cha 18,000. Pengine bado utakubali, kwa sababu unaihitaji leo na kazi iko. Sawa. Lakini uamue ukiwa umeona jumla yote, na uulize nini kitatokea ukikosa siku tatu za malipo: je, itafungwa kutoka mbali, ama itachukuliwa?

Njia ya tatu ni ya taratibu. Shilingi 100 kwa siku, kwa siku 180, ni 18,000 kamili. Iweke kwenye akiba iliyofungwa, si kwenye salio la kawaida ambalo mkono hufikia kila jioni. Kama uko kwenye chama cha kuzungushiana, omba zamu yako iangukie mwezi unaotaka kununua.

Ikague kabla ya kulipa

Ukifika dukani, usione haya kuchukua nusu saa. Muuzaji mzuri hatakukimbiza. Nenda na bando kwenye simu yako, na kama unaye fundi unayemwamini, nenda naye.

• Ichomoe chaja. Laptopu iwake na ikae kwa betri yake yenyewe muda wote unaoikagua. Kama ni ya Windows, mwambie muuzaji aandike amri ya powercfg /batteryreport. Ripoti itaonyesha betri ilipokuwa mpya ilibeba kiasi gani, na sasa inabeba kiasi gani. Ikiwa imeshuka chini ya nusu, toa bei ya betri mpya kwenye bei ya laptopu.

• Soma RAM na hifadhi kwenye mipangilio ya mashine. Stika inaweza kubandikwa na mtu yeyote.

• Bonyeza kila herufi ya kibodi, moja moja. Fungua ukurasa mweupe uangalie kama skrini ina madoa ama mistari.

• Washa hotispoti ya simu yako, iunganishe, ucheze video. Hapo umejaribu Wi-Fi, sauti na picha kwa pamoja. Jaribu kamera na kila tundu la USB.

• Kama ni Chromebook, angalia ukurasa wa kuingilia. Ukiona maandishi kwamba inasimamiwa na shule ama kampuni fulani, iache hapo. Mwenyewe wa ng'ambo anaweza kuifunga, na wewe huwezi kuifungua. Pia ingia kwenye mipangilio usome tarehe yake ya mwisho ya masasisho.

• Izime na kuiwasha tena. Ikidai nenosiri kabla hata Windows haijaanza, na muuzaji halijui, usinunue.

• Angalia chaja. Nyingi huandikwa 100–240V, na hiyo huisaidia kuvumilia stima inayopanda na kushuka. Lakini chaja feki ikipata stima ya kuunganishwa kiholela inaweza kuungua na kuondoka na laptopu.

Na kuhusu ile laptopu ya bei ya kutupa inayouzwa stejini ndani ya mfuko wa nailoni: acha. Chini ya Kifungu cha 322 cha Sheria ya Adhabu ya Kenya, kupokea mali ya wizi ukiwa unajua, ama ukiwa na sababu ya kuamini kwamba imeibwa, ni kosa linaloweza kukufunga hadi miaka 14. Bei ya chini kupita kiasi, bila risiti na bila chaja, inaweza kuwa ndiyo sababu yenyewe.

Lipa kwa njia inayoacha ushahidi

Sasa tumefika kwenye kazi yetu.

Lipa kwa nambari ya biashara, Till ama Paybill. Wauzaji wengine husema, "Tuma kwa namba yangu ya simu tuepuke ada." Ukifanya hivyo, ushahidi wako unasema tu kwamba ulimtumia mtu fulani pesa. Hausemi ulinunua kitu. Siku ya ubishi, huyo mtu anaweza kudai ulikuwa unamlipa deni.

Soma jina kabla ya kuthibitisha. Jina la biashara litakalotokea lifanane na lile lililo kwenye risiti ama kwenye bango la duka. Likiwa tofauti, uliza kwanza, kabla ya PIN.

Usitume "pesa ya kushikilia" kwa mtu uliyemwona mtandaoni tu. Picha nzuri si laptopu. Kama lazima uache amana, iwe kwenye duka ulilolifikia kwa miguu, na uandikiwe karatasi inayosema ikikosa kufanya kazi, amana inarudi.

Risiti iwe na nambari ya siri ya mashine, ile ndefu iliyo chini yake, pamoja na muda wa waranti. "Waranti ya miezi sita" ya mdomo haipo. Uliza pia kama inahusu betri na chaja, kwa sababu mara nyingi hivyo viwili huachwa nje.

Hifadhi ujumbe wa malipo. Usiufute. Piga picha ya ujumbe huo, risiti, na upande wa chini wa laptopu, kisha ujitumie kwa baruapepe. Simu ikiibiwa, ushahidi bado uko.

Na tafadhali elewa jambo hili moja, kwa sababu huleta machungu mengi: kurejesha muamala ni kwa pesa iliyoenda kwa mtu ama nambari isiyo sahihi. Si dawa ya bidhaa mbovu. Ulimlipa muuzaji uliyemkusudia, kwa hivyo kwetu malipo ni halali, hata kama laptopu imezima kesho yake. Mzozo huo ni kati yako na duka.

Lakini hujaachwa mikono mitupu. Kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinampa mnunuzi haki ya kupata bidhaa zenye ubora unaofaa na habari anazohitaji. Anza kwa kurudi dukani mapema, ukiwa na risiti. Ikishindikana, iko Mahakama ya Madai Madogo, inayosikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, na unaweza kujisimamia bila wakili. Mbele yake, zile karatasi na ujumbe wako wa malipo ndizo zitakuongelea.

Ukishafika nayo nyumbani

Weka nenosiri siku hiyo hiyo. Usiwahi kuandika PIN yako ya pesa kwenye faili ndani ya laptopu. Usiweke programu za kuibwa zinazouzwa kwenye flashi, kwa sababu nyingine hubeba vitu vinavyosoma kila unachoandika. Nakili kazi zako muhimu kwenye flashi ya pili ama mtandaoni, maana laptopu ndogo ni rahisi kubeba, hata kwa mwizi. Kwenye matatu ya 46 saa za jioni, iweke mbele, si mgongoni.

Kisha weka shilingi 20 kando kila siku unayoitumia. Ndani ya mwaka utakuwa na pesa ya betri mpya ama chaja, na laptopu yako haitalala kwa fundi ikingoja umkope mtu.